Namna ya kusimika vikombe vya nanga katika sakafu ya gereji ya bodi

Katika gereji nyingi za kunyoosha bodi, kuanzia Dar es Salaam hadi Nairobi, chombo cha kwanza cha kushikilia gari huwa ni mti. Gari lililogongwa mbele hufungwa kwa nyuma kwenye shina la mwarobaini, winchi ya cheni hufungwa kwenye nguzo ya upande wa pili, na fundi huanza kuvuta. Njia hiyo imenyoosha magari mengi, na sina nia ya kuidharau, ila ina kasoro moja ambayo ustadi wa fundi hauwezi kuiondoa: mti hauhami. Mvuto sahihi ni ule unaopita katika mstari uleule ambao pigo la ajali lilipita, kwa mwelekeo wa kinyume, na ni nadra sana mstari huo kuelekea mahali ambapo mti uliota.

Mabenchi ya kunyooshea magari kama yale ya Car-O-Liner ya Sweden au Celette ya Ufaransa huondoa tatizo hilo kabisa, lakini bei yake haiendani na mfuko wa gereji ndogo. Kati ya mti na benchi ipo njia ya tatu, nayo ni kuigeuza sakafu yenyewe kuwa mashine, kwa kuzika ndani ya zege vikombe vya chuma vyenye fito imara ambazo cheni hufungwa. Kikombe kikifunikwa, gari hupita juu yake na sakafu huendelea kutumika kwa kazi nyingine.

Kabla ya kununua nondo hata moja, inafaa kuelewa nguvu zinavyotembea. Gari linaposhikiliwa na vikombe vya kati na kuvutwa na cheni iliyofungwa kwenye kikombe cha pembeni, vikombe hivyo huvutwa kila kimoja kuelekea mwenzake, na zege lililo katikati hubanwa. Kubanwa si shida kwa zege. Lenyewe huhimili mkazo wa aina hiyo takriban mara kumi kuliko linavyohimili kuvutwa. Hatari iko kwenye nguvu ya kunyanyua, kwa sababu cheni hupanda kutoka sakafuni kuelekea gari na hivyo hujaribu kukichomoa kikombe kama mtu anayeng'oa muhogo. Zege lina uzito wa kilo 2,400 hivi kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo jamvi, yaani bamba zima la zege la sakafu, lenye unene wa sentimita 20 lina kilo 480 kwa kila mita ya mraba. Ili kuzuia mnyanyuo wa tani 3 kwa uzito pekee, zaidi ya mita 6 za mraba za jamvi lazima zikubali kunyanyuka pamoja kama kipande kimoja, na kinachozifanya ziwe kipande kimoja ni nondo. Jamvi lisilo na nondo humegeka kuzunguka kikombe na kutoa donge la zege lenye umbo la faneli, nalo donge hilo halina uzito wa maana.

Kwa sababu hiyo hiyo sishauri mtu afunge vifaa vya kuvutia kwa bolti za kutanuka kwenye sakafu ya zamani ambayo unene wake haujulikani. Bolti hizo hushikilia kwa msuguano, na mvuto unaokuja na kuondoka kila siku huzilegeza. Isitoshe, sakafu nyingi za gereji zina sentimita 8 au 10 tu za zege juu ya kifusi.

Sasa tuje kwenye eneo. Ukikusudia kuhudumia hata Hiace ndefu, ambayo hufikia karibu mita 5.4, na ukiacha mita 2 kila upande kwa ajili ya jeki na mtu wa kupita, unahitaji jamvi la mita 6 kwa 9.5. Limwagwe kwa siku moja, bila kiungo katikati. Udongo wa chini ndio utakaoamua kiasi cha kazi ya awali. Penye mchanga, kama sehemu nyingi za pwani, kinachotakiwa hasa ni kumwagia maji na kushindilia vizuri. Penye udongo mweusi wa mfinyanzi, kama ule wa baadhi ya maeneo ya Nairobi, ambao huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, lazima uondolewe na nafasi yake ijazwe moramu iliyoshindiliwa kwa tabaka za sentimita 15. Hapo, pesa ya kumwita mhandisi aukague udongo kabla ya kumwaga zege ni ndogo kuliko pesa ya kubomoa jamvi lililopasuka.

Vikombe vipangwe katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni vinne vya kati, viwili kila upande, vikikaa nje kidogo ya mstari wa magurudumu, karibu na pale ambapo klampu, yaani vibano vya kushikilia gari, zitakuwa. Kundi la pili huzunguka jamvi lote, sentimita 60 kutoka ukingoni, kwa umbali wa takriban mita 1.2 kati ya kikombe na kikombe. Kwa vipimo vya jamvi letu hivyo ni vikombe 22 hivi. Wapo watakaoona idadi hiyo ni ufujaji, lakini kuongeza kikombe kabla ya zege kumwagwa ni kazi ya dakika chache, ilhali kukiongeza baadaye ni kazi ya siku mbili pamoja na vumbi lake. Nisichokubali ni kukisogeza kikombe karibu zaidi na ukingo, kwa kuwa zege la ukingoni halina mwenzake wa kulisaidia upande wa pili.

Kikombe chenyewe kinaweza kununuliwa tayari au kuchomelewa na fundi wa chuma anayeaminika. Ukikitengeneza hapa hapa, tumia bomba la chuma nene, milimita 8 au zaidi, lenye kipenyo cha ndani cha sentimita 12 hadi 13 na kina cha sentimita 15, lililochomelewa chini kwenye bamba la chuma la sentimita 25 kwa 25 lenye unene wa milimita 12. Bamba hilo linapopanuka kupita bomba ndipo kikombe kinapopata miguu chini ya zege. Ufito wa kufungia cheni upite katikati ya bomba na utokeze pande zote mbili, kisha uchomelewe nje kwa mzunguko mzima. Mafundi wengi huweka chuma cha milimita 25 kwa sababu ndicho kinachopatikana, lakini hesabu inaonyesha kwamba ufito wa chuma laini wa unene huo katika kikombe cha upana huu huanza kupinda chini ya mzigo wa tani 3. Weka milimita 36.

Jamvi lisukwe kwa wavu wa nondo za milimita 12 kila baada ya sentimita 20 kwa pande zote mbili, wavu mmoja chini na mwingine juu. Katika kila kikombe pitisha nondo nne za milimita 16 juu ya bamba la chini, zikiwa na urefu usiopungua mita 1, zifungwe kwa waya kwenye wavu, ili mnyanyuo wa kikombe ugawanywe kwa jamvi badala ya kubaki mahali pamoja. Mdomo wa kikombe ukae milimita 2 chini ya uso wa sakafu, upimwe kwa kamba na pimamaji, na uzibwe kwa mfuko wa nailoni uliojazwa mchanga mkavu. Ukiusahau mfuko huo, utautumia mchana mzima wa kesho yake kuchonga zege kwa patasi.

Mchanganyiko uwe ndoo 1 ya saruji, 1.5 za mchanga na 3 za kokoto, kwa saruji ya daraja la 42.5. Jamvi hili lina mita za ujazo 11.4 na litakula takriban mifuko 90 ya kilo 50. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko, tena kokoto na mchanga vikiwa na unyevu, yapunguzwe zaidi. Hapa ndipo vibarua na mwenye gereji hugombana, maana zege lenye maji mengi humwagika kwa urahisi na huwapendeza wanaolibeba, lakini maji ya ziada yakikauka huacha vitundu vinavyolidhoofisha. Litikisiwe kwa mashine, hasa kuzunguka vikombe. Likishakaza, lifunikwe kwa magunia yenye maji kwa siku 7 zisizokatika, na lisibebeshwe mvuto wowote kabla ya siku 28.

Kwa sakafu iliyopo tayari, ambayo umethibitisha kwa kuitoboa kwamba ina sentimita 15 au zaidi za zege zuri lenye nondo, kikombe kinaweza kupandikizwa. Kata mraba wa sentimita 40 kwa 40 kwa grainda yenye diski ya almasi, chimba hadi sentimita 60, kisha panua shimo chini ya jamvi ili liwe na umbo la chungu, mdomo mwembamba na tumbo pana. Uzito wa zege litakaloingia humo ni mdogo, lakini tumbo lake likijaribu kupanda litakutana na jamvi kwa chini, na jamvi ndilo litakaloshikilia. Toboa pia kingo za jamvi la zamani kwa ubavu, upandikize vipande vya nondo kwa gundi ya zege, na uzikwaruze kingo hizo kabla ya kumwaga.

Baada ya siku 28 hufuata jaribio, ambalo wengi huliruka. Chukua jeki ya mafuta ya tani 10 yenye pampu na geji. Jeki za aina hiyo zenye eneo la pistoni la sentimita za mraba 14.5 hufikia tani 10 kwa shinikizo la baa 700, kwa hiyo tani 4 hupatikana kwenye baa 270 hivi. Tandika kamba ya uashi juu ya kikombe kutoka pointi mbili zilizo mbali, vuta kwa hatua za baa 50 ukitumia cheni ya milimita 13, na katika kila hatua subiri dakika chache ukitazama kama sakafu imeinuka au imechora nyufa. Kikombe kinachoinuka kipakwe rangi nyekundu na kisitumike.

Hesabu hiyo hiyo inafaa kubandikwa ukutani kwa matumizi ya kila siku. Cheni ya daraja la 80 yenye unene wa milimita 10 imeruhusiwa kubeba tani 3.15, wakati jeki inayoivuta ina uwezo wa tani 10. Kwa maneno mengine, mkono wa kijana anayepiga pampu unaweza kuibebesha cheni mara tatu ya mzigo wake wa halali bila yeye kuhisi uzito wowote. Katika mvuto ulionyooka, sindano ya geji isipite baa 210. Ukitumia mtindo wa pembetatu, ambapo cheni hutoka kwenye kikombe, hupita juu ya kichwa cha jeki na kushuka kwenye gari, punguza hadi baa 150, kwa kuwa cheni zikilala sana mvuto ndani yake unaweza kuzidi hata nguvu ya jeki yenyewe. Mara nyingi cheni ya nyuma, ile inayokwenda kwenye kikombe, ndiyo iliyoelemewa kuliko ile inayovuta gari, ingawa macho ya wote huwa kwenye gari.

Pembetatu hiyo ndiyo hukupa uwezo wa kuchagua mwelekeo. Cheni ya nyuma ikiegemea kuelekea gari kwa nyuzi 45, bodi itavutwa nje na juu kwa pamoja. Ikisimama karibu wima, mvuto utakuwa wa usawa. Ikipita wima na kuegemea upande wa mbali, bodi itashuka. Kiatu cha jeki nacho hutaka kuteleza kuelekea gari, kwa hiyo kifungwe kwa cheni fupi kwenye kikombe kile kile.

Gari ambalo bodi yake ndiyo chasisi, kama Probox, hushikwa kwa klampu nne kwenye mshono wa bati ulio chini ya milango. Kwangua lami na rangi kwenye mshono huo mpaka bati lionekane, la sivyo meno ya klampu yatateleza na kuurarua. Kaza cheni zote nne kwa usawa kabla ya kuanza, kwa maana iliyolegea itawaachia wenzake mzigo. Magari ya chasisi kama Hilux na Land Cruiser yashikwe kwenye chasisi yenyewe, wala si kwenye kebini. Vuta kidogo, pima ulalo kwa ulalo, yaani kutoka pembe hadi pembe inayoikabili, legeza, pima tena, maana bati hurudi nyuma likiachiwa. Usipashe moto sehemu za chuma kigumu cha magari ya kisasa ili zilainike. Zitalainika kweli, na hazitarudia ugumu wake.

Cheni isifungwe fundo, isisokotwe, na isichomelewe ikikatika. Itandikiwe blanketi zito wakati wa mvuto, klampu zifungwe kamba ya waya ya usalama, na mtu yeyote asisimame katika mstari wake, mbele wala nyuma. Kila jioni vikombe vifagiliwe na kufunikwa, kwa sababu mchanga uliochanganyika na mafuta hukauka chini ya ufito mpaka ndoano isipate pa kupita. Kila baada ya miezi sita ingiza tochi katika kila kikombe uangalie kutu kwenye michomeleo, na urudie jaribio la kamba na geji kwa vile vinavyotumika zaidi, ambavyo kwa kawaida ni vya mbele ya gari.