Njoro hadi Mau Narok kwa Baiskeli: Somo la Kuipata Barabara Ikiwa Tupu

Tangu nilipoweka hapa kwenye kundi letu la baiskeli picha za barabara tupu yenye ukungu, swali limekuwa lile lile: hiyo barabara iko wapi, na magari yamekwenda wapi? Barabara ni ya Njoro kwenda Mau Narok, huku kwetu Nakuru, Kenya, lami mwanzo hadi mwisho. Magari nayo yapo, tena mengi. Ila mimi hukutana na machache, kwa sababu nimeshajua yanabeba nini na yanapita saa ngapi. Somo lenyewe ni hilo. Mambo ya gia, breki na chai tutayakuta njiani.

Hatua ya kwanza: Ijue barabara kwa mzigo wake

Ramani ya simu itakuonyesha kona na mlima, lakini haitakuambia lori linatoka shambani saa ngapi. Barabara ya Mau Narok inabeba viazi, ngano, shayiri, kabichi na karoti. Ile ya Elburgon inabeba mbao. Barabara kuu ya Nakuru kwenda Mau Summit inabeba kila kinachotoka Mombasa kikielekea Uganda, na huko siendi na baiskeli hata kwa kulipwa.

Ukishajua mzigo, umejua saa. Viazi vinachimbwa asubuhi, vinatiwa kwenye magunia mchana, na malori yanaanza kuteremka alasiri ili yawahi masoko ya mjini usiku. Kwa hiyo anayepanda alfajiri na kurudi kabla ya saa saba anakuta barabara ya ng'ombe, punda na watu wanaokwenda kanisani. Anayeondoka Njoro saa nne kwa sababu alilala sana, huyo atashuka akiwa katikati ya malori, na asije kunilaumu mimi.

Msimu wa mavuno ya ngano kuna kombaini pia. Mashine hiyo ikipita inakula barabara karibu yote. Haina haraka lakini haina pa kukupisha. Toka kwenye lami, simama, mpungie dereva mkono, ipite.

Siku nzuri ni Jumapili. Ukitaka siku nyingine, muulize mtu wa boda pale Njoro soko ni siku gani, halafu uchague siku isiyo hiyo.

Hatua ya pili: Kufika Njoro ukiwa mzima

Nakuru mjini hadi Njoro ni kama kilomita 20, na sehemu ya mwanzo iko kwenye hiyo barabara kuu niliyoisema. Kuna wanaoipita saa kumi na moja na nusu alfajiri na taa mbele na nyuma. Mimi nimeacha. Napakia baiskeli kwenye keria ya matatu, namlipa kondakta nauli ya mzigo, nashuka Njoro na miguu mibichi. Toa gurudumu la mbele mwenyewe na uifunge baiskeli kwa kamba yako. Usimwachie kondakta. Yeye anajua kufunga magunia, na gunia halina gia za kupinda.

Hatua ya tatu: Kupanda

Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Njoro inakaribia mita 2,200, na Mau Narok imepita 2,700. Kutoka Njoro ni kilomita thelathini na ushee, kwa hiyo ukigawanya utaona mlima si mkali. Ni mrefu tu. Unakuja kwa mawimbi: unapanda, unapata tambarare, unafikiri umemaliza, unapanda tena. Aliyezoea kuushambulia mlima atachoka mapema. Anza na gia nyepesi, ile ambayo ukikanyaga bado unaweza kuongea.

Kipande cha kwanza, Njoro hadi lango la Chuo Kikuu cha Egerton, ndicho chenye msongamano, maana matatu na boda za wanafunzi hazilali. Egerton ilianza mwaka 1939 kama shule ya kilimo, na hadi leo ukipita utaona mashamba yake. Usiyatazame sana, tazama kioo cha matatu iliyosimama mbele yako, kwa sababu itaondoka bila kukuambia. Ukishaliacha lango nyuma, kelele zinakatika, na baada ya hapo unaanza kusikia cheni yako mwenyewe. Ikilia, ulipaswa kuitia mafuta jana.

Sasa niseme jambo ambalo picha hazikusema. Usitarajie msitu wa Njoro hadi juu. Mwaka 2001 serikali ilitoa hekta zaidi ya 35,000 kutoka hifadhi ya msitu wa Mau Mashariki, na mengi utakayoyaona ni mashamba yenye visiki vya kumbukumbu. Lakini upande wa Likia msitu unakuja hadi karibu na lami, na hapo ndipo nilipopigia zile picha. Baridi inabadilika ghafla, kama umefungua mlango. Harufu ya majani mabichi, ukungu, na ukibahatika mbega wenye mikia myeupe wakiruka juu ya kichwa chako. Vijito vya huku Mau ndivyo vinavyoulisha Mto Njoro, ambao unateremka hadi Ziwa Nakuru. Kwa hiyo unapopumzika hapo, unapumzika mahali ambapo maji ya ziwa letu yanaanzia. Mimi husimama dakika kumi hata nikiwa sijachoka.

Nyani nao wapo kando ya barabara, tena hawana aibu. Ndizi ibaki mfukoni mpaka uwapite.

Hatua ya nne: Chai

Mau Narok kuna vibanda vya chai, chapati na mayai ya kuchemsha. Kula kabla hujahisi njaa. Njiani mimi hubeba sukari nguru iliyokatwa vipande na karanga za chumvi, na sijawahi kuona haja ya zile pakiti za bei kali. Jambo moja tu: usikae kibandani nusu saa na fulana yenye jasho. Vaa jaketi kwanza, halafu uagize chai.

Hatua ya tano: Kushuka

Hapa ndipo watu wanapoumia, nami nilikaribia.

Mara yangu ya tatu nilichelewa juu. Hadithi za kibandani zilikuwa tamu, wingu likakusanyika, nami nikajiambia nitalikimbia. Sikulikimbia. Mvua ya mawe ilinikuta kwenye mteremko, bila glavu, na fulana moja mwilini. Hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda, sasa ongeza maji, ongeza upepo wa mwendo wa kilomita 40 kwa saa. Mbele kulikuwa na mkokoteni wa punda uliosheheni mitungi ya maji. Nilivuta breki, nikagundua kwamba vidole havivuti. Nilikuwa navitazama, vipo kwenye breki, havifanyi kazi. Nilijitupa kwenye nyasi. Punda alinitazama kama mtu aliyewahi kuona upumbavu wa namna hiyo. Mama mmoja aliyekuwa amejikinga chini ya paa la duka alinipa gunia tupu la mbolea, akalitoboa matundu matatu, nikalivaa kama koti hadi Njoro.

Tangu siku hiyo mfuko wangu wa nyuma una glavu, jaketi nyepesi ya mvua na gazeti la zamani. Gazeti linaingia kifuani chini ya jaketi kabla ya kushuka, linazuia upepo vizuri kuliko fulana ya pili. Breki vuta mapema na kwa vipindi, usizikalie, hasa kama ni zile za raba kwenye rimu, maana rimu ikilowa breki huchelewa kushika. Na usikate kona ukiingia upande wa wanaopanda. Nyuma ya kona kuna ng'ombe. Daima kuna ng'ombe.

Kupanda hunichukua saa mbili na nusu hivi, kushuka saa moja na robo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali, kutoka Kisumu: Mwalimu, nimezoea tambarare ya ziwa. Nikija huko nitapumua?
Utapumua, ila si kama nyumbani. Kisumu iko mita 1,130 hivi, na Mau Narok ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Lala Njoro au Nakuru usiku mmoja, kunywa maji, na panda polepole kuliko unavyofikiri ni polepole. Kichwa kikiuma sana au ukianza kuona kizunguzungu, geuza. Mteremko utakurudisha bila pedali.

Swali, huyo huyo: Na kwetu je, hakuna ya namna hiyo?
Ipo, tena mlima wake ni mkali kuliko huu. Nenda Chemelil, halafu upande kuelekea Nandi Hills. Unaanza kwenye miwa, unamaliza kwenye majani chai. Kanuni ni ile ile: uliza mzigo. Huko mzigo ni miwa, na trekta zinavuta matela marefu yanayoyumba. Kiwanda kikiwa kinasaga, pita mapema sana au ungoje siku nyingine.

Swali, kutoka Shinyalu: Kaka, mbona umeusahau msitu wa Kakamega? Mbega tunao, na ndege ambao Mau hawapo.
Sijausahau, ndugu yangu, nauogopa kuulinganisha. Ni kipande kilichobaki kwetu cha msitu wa mvua wa aina ya ule wa Kongo, na kivuli chake hakina mfano. Kwa wageni: ingieni kupitia Khayega na Shinyalu hadi Isecheno, kilima cha Lirhanda kiko karibu. Mlima ni mdogo, shida yake ni mvua ya alasiri. Saa saba uwe umeshatoka. Tena mkiona umati na mkasikia ngoma ya isukuti, shukeni kwenye baiskeli, huenda kuna fahali wanapelekwa kupigana.

Swali, kutoka Molo: Baiskeli yangu ina meno 52 na 39 mbele, na 25 nyuma. Inatosha?
Kwa mguu wako wa Molo huenda. Kwa mguu wangu, hapana. Mlimani, meno machache mbele na mengi nyuma ndiyo gia nyepesi. Ninatumia 34 mbele na 32 nyuma na bado kuna mahali naomba jino lingine. Mwone fundi, abadilishe za nyuma kwanza, ni rahisi kuliko za mbele. Mwambie apime na cheni, isije ikawa fupi.

Swali, kutoka Nakuru: Naweza kukatiza njia za ndani ya msitu ili kukwepa lami kabisa?
Si kwa tairi nyembamba. Udongo wa Mau ukilowa ni sabuni, ukikauka ni unga. Mwenye tairi pana apite kwanza ofisi ya Huduma ya Misitu aulize ruhusa na ada, na aulize pia njia ipi ina watu. Lami ya umma haina ada.

Swali, kutoka Elburgon: Mimi ni mwanamke na mara nyingi naendesha peke yangu. Utanishauri nini kwa uwazi?
Dada, kwa uwazi: kipande cha msitu usikipite peke yako. Hata mimi sikipiti peke yangu siku hizi. Anayekwenda Jumapili aseme hapa Ijumaa, tukutane Njoro saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na anayekwenda polepole ndiye anayepanga mwendo. Ukilazimika kuwa peke yako, ishia Egerton na urudi, halafu mtumie mtu wa nyumbani ujumbe saa unayoondoka na saa unayotarajia kufika.

Swali, huyo huyo: Na nikipata pancha huko juu?
Tubu mbili za akiba, pampu, vijiti viwili vya kung'olea tairi. Viraka na solushen ni vya pancha ya tatu. Ukiishiwa kabisa, mtu yeyote mwenye boda anamjua fundi, ila akupe bei kabla hujapakia. Jumapili hii mimi nipo. Nitakuwa na tubu ya tatu.