Somo: Namna ya kuchagua kampuni ya bima ya boti ya starehe

Ndugu zangu wenye boti, wengi wetu tukitaka bima huanza na swali la "bei gani?" Leo naomba tuanzie mwisho: siku boti imezama, kampuni hii italipa nini na itakataa nini?

Hili nililijua kwa machungu. Boti yangu ilizama ikiwa imefungwa gatini, usiku shwari, hata upepo haukuwepo. Ilipoinuliwa tukakuta klipu inayokaza mpira wa maji ya kupozea injini imeliwa na kutu mpaka imekatika. Kiklipu cha kufumbata kwenye kiganja. Maji yaliingia taratibu, pampu ya ngama (ile inayotoa maji yanayokusanyika chini ya boti) ikafanya kazi mpaka betri ikaisha, basi. Kampuni ikanijibu kwa mstari mmoja: uchakavu haulipwi. Nilipoutafuta mstari huo kwenye mkataba niliukuta, ulikuwemo tangu siku niliyotia saini.

Hatua ya 1: Andika ukweli wote wa boti yako

Urefu, mwaka ilipotengenezwa, nguvu ya injini, inalala wapi (gatini, kwenye boya au nchi kavu juu ya trela), unaenda nayo umbali gani, na nani wengine hushika usukani. Usifiche kitu. Bima ya vyombo vya majini tangu zamani imejengwa juu ya uaminifu kamili. Sheria ya Bima ya Baharini ya Uingereza ya 1906, ambayo nchi nyingi ziliiga, iliiruhusu kampuni kuuvunja mkataba mzima ikiwa mteja alificha jambo la maana. Uingereza wenyewe walipunguza ukali huo kwa sheria za 2012 na 2015, ila ziko nchi ambako ungali palepale. Ajali uliyowahi kupata, hata ndogo, itaje.

Hatua ya 2: Uliza boti itathaminiwa vipi

Kuna mikataba ya thamani ya makubaliano: mnakubaliana kiasi mwanzoni, na boti ikipotea kabisa unalipwa kiasi hicho. Na kuna ya thamani ya soko, ambapo unalipwa kadiri boti ilivyokuwa na thamani siku ya ajali, baada ya kukatwa miaka yote iliyotumika. Kwa boti ya miaka kumi na tano tofauti yake ni kubwa mno. Mimi nachagua makubaliano hata kama ada inapanda. Lakini uliza zaidi: hasara ikiwa ya sehemu tu, tanga limechanika au injini ya nje imeibwa, je, wanakata uchakavu? Mikataba mingi hukata, hata ile ya makubaliano.

Hatua ya 3: Soma yasiyolipwa kabla ya yanayolipwa

Hapa ndipo pa kukaa na kalamu. Karibu kila mkataba unakataa kulipia uchakavu, kutu na kuoza. Hilo ni haki, maana klipu iliyochakaa ni juu yangu kuibadilisha. Swali ni hili: je, unakataa *kilichochakaa* tu, au na *madhara yaliyoletwa na kilichochakaa*? Mkataba wa aina ya kwanza ungeninyima bei ya klipu na kunilipia boti iliyozama. Wa aina ya pili, niliokuwa nao, ulininyima vyote viwili. Ni maneno machache tu kwenye aya moja. Mwombe mhusika akuoneshe aya yenyewe kwa kidole, asikusimulie kwa mdomo.

Angalia pia mipaka ya maji unayoruhusiwa kufika, miezi ambayo boti inatakiwa ikae nchi kavu, mashindano, na kubeba abiria wa kulipa. Ukimbeba mtu mmoja kwa malipo, bima ya starehe inaweza isikutambue kabisa.

Hatua ya 4: Madai ya watu wengine

Boti yako inaweza kumuumiza muogeleaji au kuvunja boti ya jirani. Fidia hiyo inaweza kuzidi bei ya boti yako mara nyingi, kwa hiyo usiichague kwa kuangalia thamani ya boti. Halafu kuna gharama mbili zinazosahaulika: kuondoa mabaki ya boti iliyozama na kusafisha mafuta yaliyomwagika. Mamlaka ikikuamuru uondoe mabaki, utaondoa, uwe na bima au usiwe nayo. Uliza kama gharama hizo zina fungu lake au zinamegwa kwenye fedha za boti yenyewe.

Hatua ya 5: Ipime kampuni

Thibitisha leseni yake kwa msimamizi wa bima wa nchi. Tazama nguvu yake ya fedha. AM Best, kampuni ya kupima nguvu ya fedha ya kampuni za bima, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1899, hutoa alama kuanzia A++ kushuka chini. Kisha piga simu idara ya madai, siyo ya mauzo, uulize: "Boti ikigonga mwamba mtamtuma nani kuikagua?" Wakikutajia mtu wa magari, endelea kutafuta. Na ujue kuwa wakala anaiwakilisha kampuni, dalali wa bima anapaswa kukutafutia wewe.

Hatua ya 6: Sasa linganisha bei

Linganisha mikataba inayofanana, ukitazama na kiasi utakachojibebea mwenyewe kabla kampuni haijalipa.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, boti yangu ni ya zamani na kampuni inataka ripoti ya mkaguzi. Nikubali?

Jibu: Kubali, ndugu yangu. Ikaguliwe ikiwa imetolewa majini ili sehemu ya chini ionekane. Lakini mkaguzi akiandika "badilisha kitu fulani", kibadilishe na utunze risiti na picha. Ukiiacha ripoti kabatini itakuwa ushahidi dhidi yako.

Swali: Shemeji yangu huichukua boti mwisho wa wiki. Bima yangu inamhusu?

Jibu: Dada, inategemea. Baadhi ya mikataba humkubali yeyote uliyemruhusu, mingine wale tu walioandikwa majina. Mwandikishe.

Swali: Mwalimu, boti yangu ikipanda mwamba nisubiri kampuni iseme ndipo niokoe boti?

Jibu: Hapana. Okoa watu kwanza, kisha zuia hasara isizidi: ziba tundu, tupa nanga, toa maji. Mikataba mingi inakutaka ufanye hivyo na hurudisha gharama za busara. Kampuni ijulishe mapema uwezavyo. Jihadhari na boti inayokuja kukuvuta. Kuvutwa kwa bei mliyopatana ni jambo moja, uokoaji wa baharini ni jingine: Mkataba wa Kimataifa wa Uokoaji wa 1989 unampa mwokoaji aliyefanikiwa tuzo inayopimwa kwa thamani ya kilichookolewa na ukubwa wa hatari. Kama hakuna maisha hatarini, kabla hujapokea kamba yake muulize: "Unanivuta kwa bei gani?" Mpatane, mashahidi wasikie, ndipo ufunge kamba.