Mninga mmoja, mbao ngapi?

Wachanaji wengi huhesabu mbao zilizopangwa, wala hawaangalii vumbi lililojaa chini ya gogo. Hasara kubwa imo humo. Tuseme kiini cha mninga wako, yaani sehemu ngumu ya ndani, kina upana wa milimita 300 na unataka mbao za milimita 25. Msumeno wa mnyororo ukila milimita 9 kila unapopita, unapata mbao 9. Msumeno wa mkanda unaokula milimita 2 unakupa 11 kwenye kiini hicho hicho. Kama mashine ya mkanda haifiki msituni, tumia mnyororo kutoa mapande mazito tu, halafu yachanwe mbao kwenye mashine.

Mninga na mkongo wa Liwale au Kilwa haunyooki kama msonobari wa shamba la miti la Sao Hill. Gogo la mita 5 lililopinda, ukilichana zima, sehemu kubwa inaweza kuishia kuwa mabanzi, vipande vya pembeni visivyofaa kuwa mbao. Likate kwanza pale linapopindia, upate vipande viwili vilivyonyooka kiasi, hata kama mteja anapenda mbao ndefu. Ukianza kuchana, ligeuze gogo mara kwa mara. Ukichana upande mmoja tu, linajikunja na mbao zinatoka nene huku, nyembamba kule.

Pima unene wa mbao kwenye ncha zote mbili na katikati. Wengi huongeza milimita 5 "kwa usalama", lakini mninga husinyaa kidogo kuliko miti migumu mingi. Milimita 1 au 2 zinatosha. Sehemu nyeupe ya nje usiiuze kama kiini, wadudu huipenda.

Gogo lililoburutwa lisuguliwe kwanza ili mchanga utoke, usile meno ya msumeno. Kwenye mvule chunguza pia mawe: mti huo hutengeneza chokaa ngumu ndani yake, na meno huisha mara moja. Ncha za magogo yanayosubiri zipakwe rangi nzito au nta siku ile ile yalipokatwa, zisipasuke.

Kisha piga hesabu. Gogo la kipenyo cha sentimita 40 na urefu wa mita 2.4 lina mita za ujazo 0.30. Likikupa mbao 12 za milimita 25 kwa 150, hizo ni mita za ujazo 0.108, yaani asilimia 36. Weka daftari. Namba ikianza kushuka, angalia meno ya msumeno kabla ya kumlaumu aliyekuletea gogo.