Jinsi ya kukunja DNA ya nyuzi nne labu na kuhakikisha kweli imekunjika

Wengi wanaoanza na G-kwadrupleksi (ndo hiyo DNA ya nyuzi nne) wanahangaika na oligo, yaani kipande kifupi cha DNA cha kuagiza, wakati ishu kubwa ni chumvi. Guanini nne zinashikana duara kwa bondi za hidrojeni, maduara yanapandana, na katikati yake inakaa ioni ya potasiamu inayoyashikilia. Sodiamu nayo inashikilia ila kidogo, lithiamu karibu haisaidii kitu, ndo maana tunaifanya kontroli, yaani tyubu ya kulinganishia isiyotakiwa kukunjika.

Hatua ya 1: agiza AGGGTTAGGGTTAGGGTTAGGG, ni kipande cha telomea (ncha ya kromosomu) ya binadamu, uzi mmoja tu unaojikunja wenyewe mpaka unakaa kama nyuzi nne. Agiza na nyingine ambayo G ya katikati ya kila GGG umeibadilisha kuwa T, hiyo haitakiwi kukunjika.

Hatua ya 2: andaa tyubu mbili za oligo mikromola 5 kwenye bafa ya Tris milimola 10, pH 7.4, moja weka KCl milimola 100 na nyingine LiCl kiasi hichohicho. Angalia hapa jamani, pH irekebishe kwa HCl, usiguse NaOH, na EDTA ya sodiamu usiweke kabisa, maana ukishaingiza sodiamu kontroli yako imekufa na utashangaa mbona lithiamu nayo inakunja.

Hatua ya 3: chemsha kwa nyuzi joto 95 za Selsiasi dakika 5 afu acha ipoe taratibu hadi asubuhi.

Hatua ya 4: pima CD (tofauti ya jinsi sampuli inavyofyonza mwanga unaozunguka kushoto na unaozunguka kulia) kuanzia nanomita 220 hadi 320, toa usomaji wa bafa tupu. Kwenye potasiamu hii oligo inatoa kilele karibu na 290 na kibega kama 265. Ukipata kilele kimoja cha 264 na bonde 240, huo ni mkunjo sambamba (nyuzi zote nne zinaelekea upande mmoja), kama ule wa promota ya jeni ya c-MYC, yaani sehemu inayoiwasha.

Hatua ya 5: pandisha joto huku unasoma UV kwenye 295. DNA ya kawaida ikifunguka mwanga unaofyonzwa kwa 260 unapanda, hii kwa 295 unashuka, usidhani mashine mbovu.

Sasa, kukunjika kwenye tyubu sio ushahidi kwamba iko hivyo ndani ya seli, kule kuna helikesi (vimeng'enya vya kufungua nyuzi) kama BLM na WRN zinazoifungua. Kwa seli watu wanatumia antibodi BG4 iliyotoka Cambridge kwa kina Balasubramanian, 2013. Inashika na RNA pia, kwa hiyo tibu slaidi za seli kwa RNase (kimeng'enya kinachokata RNA) kwanza, na moja iweke DNase (kinachokata DNA), alama zikibaki vilevile ujue unachoona sio DNA.