Kuvalisha kiti hariri ya Lyon: mtafute ndege kwanza

Kazi yangu ni kuvalisha viti vya zamani hapa Lyon, Ufaransa, na mezani nina hariri iliyofumwa kwale wawili katikati ya shada la waridi. Mtindo huu ulipata sifa kwa Philippe de Lasalle, mbunifu wa karne ya 18 aliyefuma tausi na maua hata kwa ajili ya Catherine wa Pili wa Urusi. Ndege wa namna hii hakatwi shingo na ukingo wa kiti. Basi kazi inaanza dukani.

Muulize muuzaji mchoro unajirudia kila baada ya sentimita ngapi. Hariri yangu ina upana wa sentimita 54, na mchoro unarudia kila sentimita 70. Kiti kimoja kinahitaji kipande cha sentimita 54 kwa 54. Kwa viti vinne wengi wangenunua mita 2.16. Hazitoshi! Kila kiti kinataka kwale wake, kwa hiyo ni 70 mara nne, mita 2.80, na zaidi kama kitambaa kimeanzia katikati ya ndege. Mabaki yatunze kwa viraka.

Vua pete, nawa mikono, ikauke kabisa. Chukua karatasi ngumu, toboa dirisha lenye ukubwa wa kiti, kisha itembeze juu ya kitambaa mpaka kwale akae vizuri. Mimi humpandisha kidogo kuelekea nyuma ya kiti, maana akiwa katikati kabisa, macho humwona ameshuka. Weka pini pembeni tu, katika sehemu itakayokunjwa. Ndipo ukate.

Chini ya hariri tandika pamba, na chini ya pamba uvalishe kiti amerikani, kitambaa cha pamba kisichopakwa rangi, iliyokazwa sawasawa. Amerikani ndiyo ibebe mkazo wa kuvuta. Hariri ilale juu yake tu.

Piga msumari mmoja mmoja katikati ya kila upande, bila kuuzamisha. Vuta kwa kufuata mtande, yaani nyuzi za urefu, halafu mshindio, nyuzi za upana. Ukivuta kimshazari, kwale anapinda mdomo. Pembe ziache mwisho.

Usinyunyize maji kulainisha mikunjo, hariri hubaki na madoa. Na kiti kikiisha, kiwekwe mbali na dirisha: jua hufifisha rangi, kisha nyuzi zenyewe hukatika.