Kulinganisha jenomu mbili za Streptomyces, kuanzia kiini hadi ncha

Bakteria wengi wana kromosomu ya duara. Streptomyces, wakazi wa udongoni waliotuletea viuavijasumu vingi, wana kromosomu iliyonyooka yenye ncha mbili. Katikati, kwenye kiini, hukaa jeni za uhai wa kila siku. Kwenye mikono, yaani pande za nje, jeni hupotea, hujirudufu na kupokelewa kutoka kwa majirani. Kompyuta ya kawaida inatosha kukuonyesha hayo, ukilinganisha jenomu (DNA yote ya kiumbe) za spishi mbili.

Hatua ya 1: Pakua. Kwenye NCBI, hifadhidata ya jeni ya Marekani, tafuta kwa namba: NC_003888, Streptomyces coelicolor (besi, yaani herufi za DNA, 8,667,507, ilichapishwa 2002), na NC_003155, Streptomyces avermitilis (besi milioni 9 na ushee). Chukua faili kamili la GenBank, lenye DNA pamoja na majina ya jeni. Tafadhali usianze na jenomu ya vipandevipande. Nilipoteza wiki mbili nikifurahia "jeni mpya za mkononi", kumbe vipande vile vilipangwa kwa urefu, si kwa nafasi yake kwenye kromosomu.

Hatua ya 2: Zilinganishe. Fungua Mauve, programu ya kulinganisha jenomu, chagua progressiveMauve, weka mafaili yote mawili, kisha subiri. Sehemu zinazofanana hupewa rangi moja. Iliyochorwa chini ya mstari imegeuka kinyumenyume. Katikati utakuta rangi imejaa. Kadiri unavyosogea nchani, weupe unaongezeka.

Hatua ya 3: Weka mipaka. Kiini cha coelicolor huanzia karibu besi milioni 1.5 hadi 6.4. Iandike mahali, utaihitaji.

Hatua ya 4: Tafuta makundi ya jeni za kemikali, yaani jeni zilizokaa pamoja na kutengeneza kemikali moja. Bandika namba zilezile za NC kwenye antiSMASH, tovuti inayotafuta makundi hayo. Kwa coelicolor utapata makundi zaidi ya 20. Hapa nenda polepole, kwa sababu wengi hukariri kwamba viuavijasumu vyote vinatoka mikononi. Angalia aktinorhodini, kiuavijasumu chenye rangi ya buluu inayosambaa kwenye agari, jeli ya kuoteshea bakteria, sahani ikikomaa: kundi lake liko karibu na milioni 5.5, ndani kabisa ya kiini. Geosmini, harufu ya ardhi baada ya mvua, jeni yake iko mkono wa kulia, karibu na milioni 6.7, na bado avermitilis naye anayo. Ila avermektini, mama wa ivermektini tunayogawiwa kwa usubi na matende, imekaa karibu na milioni 1.1 kutoka ncha ya kushoto ya avermitilis, na coelicolor hana kundi hilo. Kwa hiyo kagua kundi mojamoja. Mpaka peke yake haukupi jibu.

Hatua ya 5: Fuatilia asili. Chagua kundi lililopo kwa mmoja tu. Tazama kama pembeni yake kuna jeni za transposazi, vimeng'enya vinavyohamisha vipande vya DNA, kisha peleka protini zake BLAST, zana ya kutafuta protini zinazofanana. Zikikosekana kwa ndugu wa karibu na kuonekana kwa spishi ya mbali, chora mti wa ukoo wa protini hizo na mti wa rpoB, jeni ya uhai wa kila siku ambayo bakteria wote wanayo, uiweke kando kwa kando. Miti ikipishana, una dalili nzuri kwamba kundi lilihamia. Rudia kwa spishi nyingine tatu au nne kabla hujaandika popote.