SOMO: Kupandisha programu yako klaudi ukiwa na laptopu ya kawaida na bando la mawazo

Wadau habari za saa hizi, niko hapa Kigoma, Mwanga. Wengi mmeniuliza ile programu ya bei za dagaa wa Kibirizi nimeiwekaje hewani bila kununua seva, basi naeleza mwanzo mwisho. Natumia Cloud Run ya Google (huduma ya klaudi, yaani kompyuta zao ndo zinaendesha programu yako) kwa sababu moja kubwa, mtu asipoingia programu inalala na mita haisomi. Kwetu hiyo ina maana sana, dagaa wanavuliwa kwa taa gizani, mbalamwezi ikikolea mitumbwi inakaa ufukweni na hakuna anayeuliza bei, sasa nilipie seva inayokesha ya nini?

Hatua ya 1. Iwake kwanza kwenye laptopu yako. Yangu ni Python na Flask (maktaba ya kutengeneza tovuti), iko main.py yenye programu yenyewe na requirements.txt yenye orodha ya maktaba, humo kwenye orodha andika Flask na gunicorn (inayopokea maombi ya wateja).

Hatua ya 2. Poti (namba ya mlango programu inapopokelea wateja), hapa ndo watu wanakwama. Klaudi ndo inakupangia poti kupitia kigezo kinaitwa PORT, kawaida 8080, we ukikomaa na 127.0.0.1 (anwani ya laptopu yenyewe) na poti 5000 yako itagoma kupanda. Tengeneza faili linaitwa Procfile (linaeleza programu iwashwe vipi), ndani mstari mmoja tu:

web: gunicorn --bind 0.0.0.0:$PORT main:app

Hatua ya 3. Fungua akaunti, watataka kadi. Weka tahadhari ya bajeti hapohapo ila elewa ile inakutumia barua pepe tu, haizimi kitu, ndo maana kwenye amri ya chini nimeweka kikomo cha mashine 2.

Hatua ya 4. Folda ya venv (maktaba za Python za laptopu yako) iandike kwenye .gcloudignore isipande, itakula bando bure. Docker (zana ya kufungasha programu) usihangaike kuishusha, ujenzi unafanyika kwao. Halafu kwenye terminal, ukiwa na zana ya gcloud ya Google, andika:

gcloud run deploy bei-dagaa --source . --region africa-south1 --max-instances 2 --allow-unauthenticated

Hiyo africa-south1 ni Johannesburg, ilifunguliwa 2024. Subiri dakika kadhaa, unapewa linki.

Hatua ya 5, na hii naomba muisome mara mbili. Mwanzo nilikuwa natunza bei kwenye faili la SQLite (kanzidata ndogo ya faili moja) humohumo ndani ya programu. Asubuhi moja mama anayeuza pale mwaloni akanipigia, "mwanangu, bei za jana mbona hazipo?" Nafungua, jedwali tupu. Usiku mashine ililala, iliyoamka ni nyingine mpya, faili limeenda na ile ya zamani, maana mafaili ya humo yanakaa kwenye memori tu. Nilimwomba radhi, tukaanza kunakili upya kutoka kwenye daftari lake, kisado kwa kisado. Kanzidata ikae nje, mimi nimehamia Firestore (kanzidata ya Google ya klaudi), na ufanye hivyo kabla hujampa mtu yeyote linki.

MASWALI

Mdau wa Kasulu: Mkuu, mi natumia kanzidata ya Postgres, neno lake la siri niliache kwenye mafaili?
Jibu: Hapana ndugu yangu, weka kwenye Secret Manager (hifadhi ya siri ya Google). Na kama lilishapanda GitHub (mtandao wa kuhifadhi kodi) libadilishe leo, kulifuta haitoshi, kwenye historia bado lipo.

Mdau wa Uvinza: Ikiwa imelala, mteja wa kwanza si atasubiri?
Jibu: Ndio dada, sekunde kadhaa. Ipo --min-instances 1 inaondoa hiyo, ila hapo unalipia hata usiku wa manane.

Mdau wa Ujiji: Nimepandisha toleo jipya limeharibika, wateja wanalalamika, nafanyaje??
Jibu: Tulia, la zamani halijafutika. Ingia kwenye revisions (orodha ya matoleo), chagua lililokuwa zima, lipe trafiki asilimia 100. Ukishamaliza nitumie logi (kumbukumbu za programu) tuangalie lile jipya limegomea wapi.